Bi Magego na Jino la Mjusi

Watu wengine wakikutana nawe wanakutazama machoni. Bi Magego alianza na mdomo. Ukimsalimia sokoni aliitikia vizuri tu, huku moyoni anaandika: la juu kulia halipo, la chini limekaa upande, huyu anasaga meno usingizini. Mkiachana, jina lako ameshalisahau, lakini meno yako anayo kichwani hata baada ya miaka kumi. Jina la Bi Magego alipewa na wagonjwa, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya hospitali, chumba chenye dirisha dogo, sinki lililogandwa na plasta, taa ya spiriti na meza iliyochomwachomwa na visu vya moto. Daktari alichukua umbo la kinywa cha mgonjwa, basi. Kazi yote iliyobaki ilikuwa yake. Alimimina plasta, akapanga meno mojamoja kwenye nta ya waridi, akachonga fizi mpaka zikafanana na fizi za mtu. Watu walioingia wameziba midomo kwa viganja walitoka wakicheka hadi jino la mwisho, na hilo la mwisho alilitengeneza yeye. Hata mumewe, dereva wa lori mstaafu, alivaa kazi ya mkewe juu na chini. Wakigombana, mzee huyo huyavua meno yote, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji, akaisogeza mbele ya mkewe. Maana yake: bishana na hayo, si wewe uliyeyazaa?

Halafu hospitali ikaleta mashine. Unaipa picha ya kinywa, inakutolea meno kabla chai haijapoa. Bi Magego akapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Alikaa nyumbani miezi minane na mikono ikawa inamuwasha kwa kukosa kazi. Alichonga sabuni. Alichonga viazi. Siku aliyomkuta anachonga kipande cha mshumaa kiwe gego, mumewe alisema, "Mke wangu, utafute kazi kabla hujanichonga mimi."

Kazi ikamtafuta yeye. Asubuhi moja akabisha hodi msichana mwembamba wa miaka thelathini na mbili, anayetembea kama mtu aliyeachwa na basi. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na baba yake alikuwa mmoja wa wale waliotoka hospitali wakicheka.

"Shikamoo mama. Baba anasema wewe unaweza kutengeneza jino la mtu yeyote."

"Marahaba. La nani safari hii?"

"La mjusi."

Bi Magego akamtazama, kwanza mdomoni, kisha machoni. Meno yalikuwa mazuri na hayakuwa yanatania. "Mjusi gani huyo aliyeng'oka meno mpaka anataka ya bandia?" akauliza, na mumewe kule ndani akacheka mpaka akapaliwa.

Lakini kesho yake asubuhi Bi Magego alikuwa mlangoni pa idara ya wanyama, amevaa koti lake jeupe la zamani, amebeba visu vyake kwenye kitambaa.

Maabara ya Mwalimu ilikuwa chumba kirefu chenye joto. Rafu zilijaa vibakuli vya plastiki, na ndani ya kila kibakuli, juu ya pamba, yai moja jeupe dogo kama harage. Mayai ya mjusi wa ukutani, huyuhuyu anayetembea juu ya dari ya kila mtu akila mbu, ambaye hakuna anayemjali mpaka amdondokee begani.

"Meno yetu sisi, mama," Mwalimu alimweleza, anaongea haraka na mikono yote miwili, "hupata umbo yakiwa bado ni nyama laini ndani ya ufizi. Ile nyama inajikunja, inatengeneza vilima na mabonde, halafu ndiyo inagandwa na kitu kigumu. Umeelewa? Umbo kwanza, ugumu baadaye."

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Hasa! Sasa jino la mjusi huyu lina ncha mbili. Huzioni kwa macho, jino lenyewe dogo kuliko chembe ya chumvi. Mimi nasema na yeye ni vilevile, jino linakunjwa likiwa bichi. Kuna wenzangu wanasema hapana, ndani jino la mjusi ni duara tu, halikunjwi popote. Wanasema ncha zinaongezwa kwa nje, ule weupe mgumu unarundikwa zaidi pale na pale."

"Kama fundi wa lipu."

"Kama fundi wa lipu. Sikubaliani nao hata kidogo. Ila nimeandika sura tatu nzima za tasnifu yangu ya uzamivu, na jopo la watahini litaniuliza: umeona wapi?"

Mashine ya chuo ya kupiga picha za ndani ilikuwa imekufa mwaka juzi na haikupata wa kuifufua. Basi Mwalimu alirudia njia ya watu wa zamani. Alichukua taya la kijusi cha mjusi ambaye hajaanguliwa, akalikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kama mtu anavyokata mkate, kuanzia shina la jino hadi kileleni. Kila kipande alikilaza juu ya kioo na kukitia rangi, akakikuza kwa hadubini, akakichora kwa penseli kwenye karatasi, gamba la nje akaliacha jeupe na mwili wa jino akaujaza njano. Kazi ya Bi Magego ilikuwa kufuata kila karatasi, kukata bamba la nta lenye umbo lile lile, na kupandanisha bamba juu ya bamba mpaka jino lirudi kuwa jino, safari hii kubwa kama ngumi. Nta nyeupe kwa gamba gumu la nje, ile enameli. Nta ya njano kwa mwili wa jino, dentini. Nta ya waridi kwa nyama. Meno manane, mabamba karibu mia mbili na hamsini.

"Hii ndiyo kazi," Bi Magego alisema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Hii si kazi ya mashine, mwanangu. Hii ni kazi."

Siku ya tatu yai moja likatikisika. Mwalimu alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye kioo cha kukuzia. Ganda likapata ufa, ufa ukawa tundu, na katika tundu ikaonekana pua ndogo inayosukuma, na mbele ya mdomo vijino viwili vinang'aa kama vichwa vya pini.

"Hivyo anazaliwa navyo vya kupasulia ganda tu," Mwalimu alinong'ona. "Akishatoka, vinadondoka."

Maisha yake yote aliwapa meno watu wanaokaribia kumaliza safari, na hapa kiumbe kisicho na hata dakika moja duniani kimekuja na vyombo vyake vya kazi. Mjusi akatoka mzima, akakaa juu ya pamba, akawatazama kama anayewauliza mnataka nini. Bi Magego akapiga makofi peke yake. Jioni alimsimulia mumewe habari ile mara tatu, na mara ya tatu mzee akayavua meno.

Kwa miezi miwili alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunawa mikono. Alijifunza kuuona mstari wa penseli hata ulipofifia. Mwalimu alijifunza kushika kisu cha moto bila kuunguza mkono wa koti. Walikula pamoja dirishani, wakicheka kama mtu na shangazi yake. Na katika miezi hiyo ndipo Bi Magego alipofanya jambo ambalo fundi wa meno peke yake angeweza kulifanya, tena kwa nia safi kabisa.

Karatasi nne au tano za juu katika kila jino zilikuwa za zile ncha mbili. Juu ya karatasi hizo Mwalimu alikuwa amechora viduara viwili, vyeupe vitupu. Hapakuwa na njano katikati. Bi Magego alipoviona mara ya kwanza alitabasamu. Huyu mtoto amechoka, akasema moyoni, amesahau kujaza. Kwani nani asiyejua kwamba chini ya kila kilima cheupe cha jino kuna kilima cha njano? Jino la mzee likisagika, si njano ndiyo huchungulia katikati ya kilima kama kiini cha yai? Ameyaona maelfu. Basi akachukua kibomba chake cha shaba, akatoboa kila kiduara cheupe, akatoa kidonge cha nta nyeupe na kuingiza cha njano. Alilainisha kwa kisu cha moto, hata alama haikubaki.

Hakumwambia mtu, na wala halikumpitia akilini kwamba kuna la kusema. Hospitalini ndivyo walivyofanya kazi. Plasta ikitoka na kipovu juu ya jino, unakikwangua. Umbo likija na dosari, unalinyoosha kimyakimya, kwa sababu daktari ana haraka na mgonjwa anataka kula. Fundi anayepeleka dosari mbele ya daktari ndiye fundi mbaya.

Jumatatu ya wiki ya mtihani meno yote manane yalisimama mezani. Bi Magego alipasha moto uzi wa waya akalikata moja katikati mbele ya Mwalimu. Ndani, chini ya kila ncha nyeupe, kulikuwa na kilima cha njano, safi na wazi.

Mwalimu alipiga kelele, hata mlinzi wa korido akachungulia. "Limekunjwa! Mama, umeona? Limekunjwa!" Akamkumbatia Bi Magego, akalia, akacheka, akapiga picha ishirini. Miaka sita ya kazi ilikuwa imepata ushahidi. Mkataba wake chuoni ulikuwa unaisha mwezi ule, na bila kupita mtihani usingeongezwa; sasa Ijumaa aliiona kama sikukuu. Bi Magego alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Usimlaumu. Ni nani asiyevimba kichwa kwa kumfurahisha mtoto wa watu namna ile?

Jumatano asubuhi alikaa jikoni kwake na bati la masalia ya nta nyeupe. Fundi hatupi nta, anaiyeyusha upya. Akayamwaga masalia kwenye sinia ili atoe uchafu. Kulikuwa na maranda ya kisu, pembe za mabamba, vipande vya kila sura. Na katikati yao vidonge. Vidogo, vya mviringo, vinafanana kama vya duka la dawa. Mkono wake ukaanza kuvitenga bila kuambiwa. Akavihesabu: sabini na sita.

Akavihesabu tena.

Sabini na sita. Mtu akisahau, husahau huku akakumbuka kule. Hakuna binadamu anayesahau mara sabini na sita mahali palepale, kwenye meno manane, na mara zote za juu tu. Kosa halipangi foleni. Na kama si kosa la penseli, basi Mwalimu alichora alichokiona. Na kama alichora alichokiona, basi ile njano chini ya ncha haikutoka kwa mjusi. Ilitoka kwa Bi Magego.

Moyo ulimlipuka, na yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakujua kama ni kwa hofu au kwa furaha. Maana mambo mawili yalimjia kwa mkupuo. Amemharibia yule mtoto. Na pia mjusi ana siri, na siri hiyo imelala hapa kwenye sinia lake, vidonge sabini na sita.

Mumewe alisikiliza yote akiwa ameshika kikombe. "Na Mwalimu wako amefurahi?" akauliza.

"Amefurahi."

"Mtihani keshokutwa?"

"Keshokutwa."

"Basi nyamaza. Ukisema leo umemuua mtoto wa watu."

"Nisiposema nimemzika, tena mzima," alijibu Bi Magego, anavaa viatu. Mzee akapeleka mkono mdomoni kuyatoa meno, mkewe akamwahi. "Leo baki nayo, mume wangu. Sina nafasi ya kugombana na glasi."

Alimkuta Mwalimu anafanya mazoezi ya kuhutubia viti vitupu.

"Mwanangu, kaa."

"Mama, leo sikai, nina—"

"Kaa. Nimekuharibia kazi."

Akamweleza kila kitu bila kupamba: viduara, kibomba cha shaba, vidonge. Akavimwaga mezani kutoka kwenye leso. Uso wa Mwalimu ulishuka, ukapanda, ukashuka tena.

"Ulitoboa?"

"Nilitoboa."

"Yote manane?"

"Yote manane."

"Kwa nini hukuniuliza?" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Miaka sita, mama! Sura tatu! Nimeshawapelekea watahini picha! Ungeniuliza swali moja tu!"

Bi Magego hakujitetea. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Una haki ya kunitukana, na ukimaliza utanitukana tena. Lakini kwanza tuitazame hadubini. Mimi nilijaza kwa mazoea. Na wewe, mwanangu, ulichora kwa macho yako halafu hukutazama ulichokichora."

Lilikuwa neno kali, na lilikuwa kweli. Mwalimu alipangusa pua, akavuta kiti, akaweka kioo cha kwanza chini ya hadubini. Ncha ya kushoto, jino la kwanza.

"Nyeupe," akasema kwa sauti kavu.

"Inayofuata."

"Nyeupe." Akabadilisha kioo. "Nyeupe. Hii pia. Nyeupe tupu." Akabadilisha haraka zaidi. Ile sauti kavu ilikuwa imeanza kupata maji. "Mama, shuka chini kidogo, nipe cha tano. Hapa njano imeanza, lakini ni moja. Ni duara moja katikati! Haiendi kwenye ncha!"

"Nisogee nione."

"Subiri. Nipe jino la pili. Nipe la tatu!"

Walipofika jino la sita Mwalimu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Macho yalikuwa yamemtoka. Kilichokuwa mbele yao kilikuwa rahisi mno mpaka kinatia hasira. Ndani ya jino la mjusi hapakuwa na mkunjo wowote. Mwili wa njano ulikuwa kuba moja laini, na juu ya kuba ile weupe ulikuwa umerundikwa mara mbili, pale na pale, mpaka zikawa ncha.

"Hawakunji," alisema. "Mama, hawa hawakunji. Wanapiga lipu!"

"Wanapiga lipu!" Bi Magego akaruka, mwanamke wa miaka hamsini na saba na magoti yake yote. Wakashikana mikono wakazunguka meza, na ukiwatazama kwa mbali ungedhani wamepata mchumba. Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. Miaka sita alikuwa anakimbilia mlango usiokuwapo, na mlango wa kweli ulikuwa nyuma yake, wazi siku zote.

Kisha akakumbuka Ijumaa, akakaa sakafuni.

Alimpigia profesa wake simu. Profesa alisema aahirishe mtihani mpaka mwakani. Lakini mwakani mkataba haupo, na bila mkataba hana maabara, wala mijusi, wala kazi. Akasema alete tu yale meno manane, akae kimya, nani atajua? Hapana, hilo la pili profesa hakulisema. Alijisemea Mwalimu mwenyewe, kwa sauti, akamtazama Bi Magego.

"Mimi nitajua," alisema Bi Magego. "Na mjusi."

Mwalimu akapiga moyo konde. Jumatano yote na Alhamisi mpaka jua lilipoinama, mmoja alikata nta na mwingine aliandika kurasa mpya, na walibadilishana vitisho ili wasisinzie. Jino moja tu walilijenga upya, lakini hilo walilijenga bila kuongeza hata chembe.

Ijumaa saa tatu chumba cha mtihani kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na watahini watatu. Mkubwa wao alitoka chuo kingine, mzee wa nyusi nene aliyefundisha habari za meno ya wanyama miaka arobaini. Bi Magego, ameketi nyuma, alimtazama mdomoni kwanza. Daraja la meno matatu ya bandia upande wa kushoto, kazi ya haraka. Akamhurumia.

Mwalimu alisimama, akaweka mezani jino la kwanza na la pili. "Tasnifu mliyosoma inasema jino la mjusi hukunjwa," alisema. "Nilikosea. Modeli niliyowatumia picha zake ilirekebishwa mkononi bila mimi kujua, na mimi sikuikagua kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia. Hili la pili ndilo la kweli." Na akaeleza, mwanzoni anatetemeka, kisha mikono ikaanza kuruka kama kawaida yake, kisha akasahau kabisa kwamba anatahiniwa.

Watahini wawili waliandika. Mzee wa nyusi aligeuza modeli ya pili mkononi, hakutabasamu.

"Miaka arobaini nimefundisha kwamba chini ya kila ncha kuna mkunjo," alisema. "Aliyejenga hili ni nani?"

Bi Magego akasimama. "Mimi, mzee wangu."

"Na lile la uongo?"

"Mimi vilevile."

"Basi nambie, mama. Kama uliliongezea la kwanza njano bila mtu kujua, nitajuaje kwamba la pili hukulipunguzia?"

Mwalimu alifumba macho. Lilikuwa ndilo swali lenyewe, na mtihani wote ulikuwa umesimama juu yake kwa mguu mmoja.

"Hutajua," alisema Bi Magego. "Mimi mwenyewe nisingejiamini. Njoo ulijenge."

"Nini?"

"Nta ninayo, kisu ninacho, karatasi hizi hapa na vioo vyake. Vua koti, mzee wangu. Mabamba matano ya juu tu."

Mtahini mmoja alikohoa. Lakini yule mzee, labda kwa hasira, labda kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia avue koti kwa miaka ishirini, alivua koti. Bi Magego akawasha taa ya spiriti juu ya meza ya mtihani. Mzee akakata bamba la kwanza la nta, vibaya kama mtoto, lakini alifuata mstari. Viduara viwili vyeupe. Akavipandisha. Akakata la pili, akasita, akaisogeza karatasi karibu na miwani.

"Hapa mwanafunzi amesahau," alisema. "Penseli imefifia. Katikati lazima iwe njano." Na mkono wake ukaenda wenyewe, bila haraka, kwa yakini ya miaka arobaini, ukashika donge la nta ya njano.

Bi Magego akaupiga kofi.

Si kofi kubwa. Lilikuwa la kumpiga mtoto anayedokoa chunguni. Lakini lililia, na watahini wawili waliacha kuandika.

"Usimsahihishe mjusi," alisema Bi Magego. "Mtazame kwanza."

Mzee aliutazama mkono wake, na lile donge la njano ndani yake, kama vile amelikuta limemwotea. Akaliweka chini taratibu. Akainuka, akaenda kwenye hadubini ambayo Mwalimu alikuwa ameileta na kuiweka pembeni, akainamisha mgongo. Mwalimu alimwekea kioo, akamwekea cha pili, akamwekea cha tatu. Alikaa pale muda mrefu sana, nyusi zimeganda kwenye lenzi.

"Nyeupe," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umepungua miaka thelathini. "Nyeupe tupu! Jamani, njooni muone! Nilishaanza kuijaza njano, mmeniona? Nilikuwa naijaza kwa mkono wangu huu!" Akauinua mkono uliopigwa akawaonyesha wote, anacheka, na lile daraja baya la meno likaonekana lote.

Waliwatoa nje kwa robo saa, wakawaita ndani. Mwalimu alikuwa amepita, na sura tatu aziandike upya. Mzee wa nyusi akaongeza sharti moja: ile modeli ya uongo isitupwe, ipigwe picha na iwekwe ndani ya tasnifu, na aliyeijenga aandike kwa mkono wake ilivyotokea, kwa sababu wanafunzi wake wanaihitaji kuliko ile ya kweli, na yeye aliihitaji kuliko wanafunzi wake. Bi Magego akajikuta amekaa kwenye kiti cha mtahini mkuu. Mwalimu akamwangukia shingoni, wakalia na kucheka kwa pamoja, kwa kelele, mpaka mwenyekiti akawaomba kwa heshima wakaendelee koridoni, maana kulikuwa na mwanafunzi mwingine anayesubiri.